Wauza matairi wa Mwanza, gari kuwa ya zamani si ruhusa ya kutuuzia mpira uliokufa

Wakuu, uzi huu naufungua nikiwa na hasira na sitaificha. Nina Toyota Altezza RS200, naitembelea kila siku, Buhongwa hadi mjini na kurudi, mvua na jua. Matairi yameisha kashata (yale meno ya mpira yanayogusa barabara), nahitaji manne ya maana. Nimezunguka mjini kati, nimeenda Nyakato, nimefika hadi Igoma, na karibu kila kaunta napokewa na maneno yaleyale: "Bosi, kwa gari ya zamani kama hii, hizi zinakutosha kabisa."

Zinanitosha kwa kipimo gani? Altezza zilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, kwa hiyo sawa, ni ya zamani, sibishani. Lakini injini ile ya 3S-GE ilitoka kiwandani na nguvu ya farasi 210, na nguvu yote inasukuma matairi ya nyuma. Uzito wake haujapungua hata kilo moja kwa sababu ya miaka. Tena gari ya umri huu bushi zimechoka, shokapu zimeshabadilishwa na za dukani, na ya kwangu haina kompyuta ya kuizuia isiteleze kama hizi gari za sasa. Wenye Altezza mnajua mkia wake unavyochomoka lami ikilowa. Mvua ikipiga Mkuyuni pale, maji yanashuka na mchanga wa milimani yanaumwaga katikati ya barabara, na mbele yako daladala imesimama ghafla kupakia abiria. Hapo kinachokuokoa ni mpira tu. Gari ya zamani inahitaji tairi zuri KULIKO gari mpya, na nyie mnatuambia kinyume chake huku mnatutazama usoni.

Tuanze na saizi. Kibandiko cha mlango wa dereva kinasema 215/45R17, yaani upana milimita 215, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17. Duka moja wakanitolea 205/40R17, jamaa anasisitiza "kumi na saba ni kumi na saba, bosi, inaingia." Inaingia, ndiyo, kwa sababu 17 ni kipenyo cha rimu. Ubavu je? Wa 215/45 ni karibu milimita 97. Wa 205/40 ni milimita 82. Tairi zima linapungua karibu sentimita 3 kwa kipenyo, mshale wa spidi unasoma 100 wakati gari inakwenda kama 95, na ubavu mwembamba hivyo kwenye mashimo yetu maana yake ni rimu kupinda au tairi kutoa nundu. Halafu kuna namba ya mzigo ambayo hakuna hata mmoja aliyeitaja. Saizi yangu kwa kawaida inaandikwa 87, yaani kilo 545 kwa tairi moja. Ile yake ilikuwa 84, kilo 500. Kwa matairi manne nimepoteza uwezo wa kilo 180. Nilipomwonyesha akasema mimi nasoma sana.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Kuna duka, jina naliacha, niliwapa hela ya matairi mawili ya nyuma kwa bei ya mapya. Niliuliza mwaka kabla ya kulipa. Jibu: "Ya mwaka jana haya, braza." Matairi yamefungwa karatasi zake, yanang'aa kwa dawa nyeusi. Nikaelekezwa nikalipie ndani, narudi nje yameshafungwa kwenye gari. Upande wa nje nikakagua, hakuna tarehe. Wakaniambia chapa hii haiandiki.

Uongo mtupu. Kila tairi lenye alama ya DOT (ya idara ya usafirishaji ya Marekani) lina tarakimu nne mwishoni mwa namba yake: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ila kampuni nyingi zinaiandika namba kamili upande mmoja tu, kwa hiyo ukilifunga tairi upande huo ukitazama ndani, mteja hataiona mpaka alale chini ya gari. Yangu niliyaona kijana wa pancha alipolitoa moja kuziba msumari. 3813. Wiki ya 38 ya mwaka 2013! Mpira umekaa ghalani miaka yote hiyo, na kashata zake nzima kabisa, lakini ukiukunja kwa kidole unaona mipasuko midogo kama udongo wa mbugani wakati wa kiangazi. Kampuni kubwa za matairi zenyewe zinasema tairi likifika miaka 10 tangu litengenezwe liondolewe, hata kama kashata zimejaa. Hawa wameniuzia likiwa limeshapita.

Nilirudi dukani. "Ulishalitembelea, hatupokei." Meneja hakutoka hata kwenye kiti.

Wengine watasema hamia mtumba wa Japani. Sipingi mtumba, kuna matairi mazuri yanashuka kwenye yale makontena, lakini na huko mnatuchezea. Kagua ubavuni: ukiona neno STUDLESS, hilo ni tairi la baridi. Mpira wake umechanganywa ubaki laini kwenye barafu, joto la chini ya nyuzi 7. Mwanza tuna nyuzi 27 na zaidi mchana. Linakuwa kama ubani wa kutafuna, kona ya kwanza unasikia gari inaogelea, breki zinachelewa, na kashata zinaliwa haraka mno. Muuzaji anakusifia, "ona lilivyo laini, linashika hili." Anajua anachokiuza. Neno lipo ubavuni, kwa herufi kubwa.

Na mafundi nao wasijifiche nyuma ya wauzaji. Tairi lenye mshale wa ROTATION linafungwa mshale ukielekea linakozungukia gari ikienda mbele. Ukiligeuza, mifereji yake haitoi maji inavyotakiwa. Nimekuta fundi kageuza moja, nikamwambia, akasema haina shida. Kuna hili pia la kuweka mapya mbele na kusukuma yaliyochoka nyuma. Jamani, nyuma ndiko gari inakoponyokea! Yenye kashata nyingi yakae nyuma. Na kuchanganya saizi kulia na kushoto kwenye ekseli ya nyuma ni kuilazimisha difu (gia zinazogawa nguvu kwa matairi ya nyuma) ifanye kazi hata barabara ikiwa imenyooka, na difu ya Altezza hapa mnajua ilivyo shida kuipata.

Kwa hiyo naweka masharti yangu wazi, na yeyote mwenye duka Mwanza anayesoma hapa ajue nina hela mkononi. Nataka 215/45R17 manne, 87 au zaidi, herufi ya mwendo (kasi ya juu tairi linayoimudu) V au W, yote chapa moja na mwaka mmoja, yasiyozidi miaka miwili tangu kiwandani. Nasoma namba kwanza, ndipo nalipa. Yanafungwa nikiwa nimesimama hapohapo, tarehe ikitazama nje pale tairi linaporuhusu. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, na namba ya DOT iandikwe kwenye karatasi yenye muhuri wa duka.

Wadau wenye Altezza za RS200 au AS200 hapa Kanda ya Ziwa, nisaidieni jambo moja: kuna aliyeshuka kwenda rimu za 16 na 205/55? Kwa hesabu yangu kipenyo kinatofautiana chini ya sentimita moja, na ubavu unapanda hadi kama milimita 113, ambao kwa barabara zetu ungekaa vizuri zaidi. Ninachotaka kujua ni kama rimu zinapita kwenye breki za mbele za RS200 bila kugusa. Aliyefanya aweke picha ya ndani ya gurudumu. Na kama umeuziwa tairi lenye tarehe imegeuzwa ndani, andika hapa chini ni mwaka gani ulikuta.