Hadithi tatu za miko, filamu moja

Himbi_Sinema: Jambo wakubwa. Tuko waongozaji watatu hapa Goma, kila mmoja na hadithi ya dakika 12: mtoto anayeitwa mchawi kwao, mjane anayerithiwa na shemeji, na msichana aliyebakwa halafu familia zikapatana kwa mbuzi. Kamera tatu, hazifanani. Tuziunganishe vipi? Na ubakaji tuuonyeshe kiasi gani?

Fundi_Lava: Kubalianeni namba kabla ya kuanza: fremu 25 kwa sekunde, shata (muda kila fremu inapokea mwanga) sekunde 1/50, sauti 48 kHz. Umeme wetu ni wa 50 Hz. Mwenye kupiga fremu 30 kwa 1/60 ataona taa zinapepesa, na mkichanganya 24, 25 na 30 mwendo utakwamakwama kwenye montaji, mkiunganisha picha. Rangi ya mwanga fungeni kwa mkono, kamera isiibadilishe yenyewe. Nje, mbele ya mawe ya volkano, kamera ya otomatiki inaona weusi mtupu, inazidisha mwanga, mbingu inaungua. Pimeni mwanga kwenye uso wa mwigizaji. Na kila chumba, rekodini sekunde 30 za ukimya wake, jenereta ikiwa imezimwa!

Yaya_Senario: Usionyeshe ubakaji hata kidogo. Onyesha mbuzi wakihesabiwa uani, msichana akisikia bei yake kupitia dirisha. Hapo ndipo mwiko ulipo.

Hadithi ya nne ya kuzifunga hizo tatu, mimi siipendi. Filamu *Dead of Night* ya Uingereza (1945) inayo, wageni nyumbani wakisimuliana, nayo ni nzuri, lakini ilipopelekwa Marekani walikata hadithi mbili, wageni wakabaki wanakaa tu sebuleni bila sababu. Bidoni moja ya njano ikipita nyumba zote tatu inatosha.

Fundi_Lava: Kweli. Ila mtoto, angalieni. Tukio la kumshutumu msilipigie barabarani: majirani watadhani ni kweli, na jina hilo litamganda. Sheria ya 2009 ya ulinzi wa mtoto inakataza shutuma hiyo. Pigeni ndani, mbali na kartie (mtaa) yake, shefu wa avenue, yaani kiongozi wa barabara hiyo, akijua. Uso wa mtoto pigeni peke yake, mtu akimsomea maneno mengine kabisa. Kelele za wakubwa zirekodiwe akishaenda kwao.

Himbi_Sinema: Aksanti yaya, aksanti fundi. Ipi itangulie?

Yaya_Senario: Mjane, mtoto, mbuzi. Mkimweka mtoto mwisho, watu watatoka wakibishana kama uchawi upo, na zile mbili hakuna atakayezitaja.