Kiolezo cha kukata kona ya bomba: Rhino, SolidWorks au hesabu tu?

Mkunja_Chuma: Wakuu, nina kona ya nyuzi 90 nimeichora SolidWorks (programu ya kuchorea kwenye kompyuta), bomba kipenyo cha nje 114.3 mm, nataka kiolezo bapa nikiprinti, nikizungushie bomba nikate na grainda. Nimebonyeza kila kitufe haikunjuki. Nihamie Rhino, ile programu nyingine ya kuchorea, au?

nyuzi15: Umbo lenyewe ndo linakataa mkuu. Kona laini imepinda pande mbili kwa mpigo kama ganda la chungwa, ukiligandamiza liwe bapa linachanika. UnrollSrf, amri ya kukunjua ya Rhino, ni ya nyuso zilizopinda upande mmoja tu. Amri ya Squish ipo, inalazimisha kwa kunyoosha huku na kubana kule, kwa kitambaa sawa ila kwa bomba la chuma utalia.

Mkunja_Chuma: Na ile ya kulaza nyuso ya SolidWorks Premium?

Babu wa Mistari: Yaleyale tu kijana. Gawa kona vipande vinne vilivyonyooka, vya mwisho viwili ni nusu, kila mkato nyuzi 15 maana maungio matatu yana mikato sita, 90 gawa kwa 6. Kipande kilichonyooka hata kikikatwa mshazari kinakunjuka bila kudanganya. Hiyo SolidWorks yako inatosha, chora kipande kimoja, acha upenyo mwembamba kwa urefu wake, kigeuze kuwa bati halafu kilaze.

namba_tu: Mi hata CAD (hizo programu za kuchora) sifungui 😂 Urefu wa kiolezo ni 114.3 × 3.1416 = 359.1. Wimbi la mstari wa kukata ni nusu kipenyo × tan 15 × kosaini ya pembe ya kuzunguka bomba, yaani linapanda 15.3 mm na kushuka 15.3 toka mstari wa kati. Piga nukta kila nyuzi 15 za mzunguko zinakuja 24, unganisha, kwisha kazi. Na vipande vyote vinatoka kwenye bomba moja lililonyooka, kimoja ukikiacha kinachofuata unakizungusha nusu duara, hakuna chuma kinachopotea.

nyuzi15: Hesabu hiyo tamu kwa kona tupu. Siku bomba dogo linaingia ubavuni mwa kona, tena halijakaa katikati, hapo mi narudi Rhino, namkata mdogo kwa uso wa kona namkunjua, anakuja sawasawa kwa sababu yeye kanyooka. Tundu la kwenye kona yenyewe sihangaiki na karatasi, namsimamisha mdogo aliyekatwa pale pale nachora kwa kumzunguka.

Babu wa Mistari: Hapo nakubali. Ila kuna kitu hamjamwambia. Kiolezo kinakaa nje ya bomba, na grainda mnaishika wima. Ukuta ukiwa wa 6 mm, upande wa mgongo wa kona (nje ya mpindo) ukingo wa ndani unabaki na kama 1.6 mm za ziada, vipande vinagusana kwa ndani na nje panaachama. Wengine wanaona ndo nafasi ya kuchomelea, mi nasaga kwanza.

namba_tu: Na karatasi ngumu ina unene wake, ijumlishe kwenye kipenyo kabla ya kuzidisha, la sivyo ncha hazikutani. Printa iwe asilimia 100, chora na mstari wa 100 mm pembeni uupime kwa rula.

Mkunja_Chuma: Nimeupima una 97 😩 kumbe printa ilikuwa inabana ienee kwenye karatasi. Naprinti upya.