Nilimwambia muuzaji nina kisima, akaniuzia mashine ya kuoshea vyombo. Leo ananiambia waranti imekufa kwa sababu nina kisima!

Wakuu habari za muda huu. Nina hasira, kwa hiyo mnivumilie, uzi ni mrefu.

Tulipokuwa tunamalizia jiko, shemeji yenu alitaka mashine ya kuoshea vyombo ya kupachika ndani ya kabati, ile ambayo mlango wake unavalishwa ubao unaofanana na kabati nyingine, mgeni akiingia hajui hata kama kuna mashine. Sikubisha. Nyumba ina watu, ndugu wakija wikiendi sinki linafurika. Tukaenda duka moja kubwa tu hapa Dar (jina sitaji, uzi usije ukafungwa). Kijana wa mauzo mchangamfu kweli, anavuta droo, anakunja vishikizo vya glasi, anatuonyesha kitaa chekundu kinachomulika sakafuni kuashiria kwamba mashine iko kazini. Nikamuuliza swali langu moja: "Mdogo wangu, mimi niko Mbezi Beach, kule chini upande wa baharini. Natumia maji ya kisima na yana chumvi. Hii itaweza?"

Akajibu bila kupepesa macho: "Bosi, hii ni ya Mjerumani. Inakula maji yoyote."

Shikeni hilo jibu, tutalirudia.

Imekuja nyumbani, ikafungwa, ikawashwa. Ikanguruma kidogo, ikalia, ikasimama na alama ya bomba. Nikafungua kitabu cha maelekezo (ambacho fundi wao alikuwa amekitupa ndani ya boksi pamoja na maboya ya kufungashia): inataka presha ya maji isiyopungua bar 0.5. Sasa piga hesabu. Kila mita moja ya kimo cha maji inakupa kama bar 0.1. Mnara wangu wa tangi ni mita tatu, kwa hiyo napata 0.3 na kitu. Huhitaji kuwa injinia. Nyumba ngapi Dar zinaishi kwa tangi la juu ya mnara? Na duka linalouza vitu hivi Dar halina hata mtu wa kumuuliza mteja tangi lake liko kimo gani? Nikanunua pampu ya kuongeza presha, hela nyingine, nikanyamaza.

Habari ya mlango ndiyo usiseme. Fundi wa kabati aliweka ubao wa mninga, mzuri, mnene, mzito. Ukifungua mlango unadondoka puu, bahati tu haujamvunja mtoto mguu. Kumbe kitabu kina kikomo cha uzito wa huo ubao, na kuna springi za kukaza kulingana nao. Fundi wa duka alifunga akaondoka zake, springi hakuzigusa. Nimekaza mwenyewe.

Lakini hayo yote ni madogo. Njooni kwenye glasi.

Wiki za mwanzo zilitoka zinang'aa. Baadaye zikaanza kutoka na ukungu mweupe, ukipitisha kidole unaacha mstari. Sahani nyeusi za shemeji yenu zikawa kama zimepakwa majivu. Visu vikaanza madoa ya kutu, visu ambavyo nimevitumia miaka kwenye sinki bila shida. Nikachukua glasi moja, nikaisugua nusu kwa limau. Ukungu mwingi ukatoka, huo ni wa maji. Lakini karibu na kitako pakabaki weupe ambao hata siki haitoi, maana yake kioo chenyewe kimeshalika. Hiyo glasi ndiyo imekwenda, hairudi.

Nikapiga simu, wakatuma fundi. Kijana hakufungua hata skrubu moja. Alikinga maji ya bomba kiganjani, akaonja, akatema kwenye sinki, akasema: "Bosi, maji yako ndiyo tatizo. Hii waranti haikubali." Akaandika kwenye karatasi "maji ya kisima, chumvi" akaniomba nisaini. Sikusaini.

Sasa niwaeleze nilichokuja kukielewa, maana hakuna aliyenieleza kabla ya kulipa. Ndani ya mashine, chini kabisa kwenye sakafu yake, kuna kifuniko cha kuzungusha. Humo unaweka chumvi maalum, mawe mawe makubwa. Si kwamba inaosha vyombo. Ndani kuna kichujio kinachokamata kalsiamu na magnesiamu za kwenye maji na kuachia sodiamu badala yake, na hiyo chumvi ndiyo inayokifufua kichujio kikichoka. Chumvi ya mezani haifai, ina madini joto na dawa ya kuzuia isigande, inaharibu mfumo. Sawa. Sasa sikiliza hapa: kichujio hicho kinaondoa ugumu wa maji (hizo kalsiamu na magnesiamu), HAKIONDOI chumvi. Kisima cha karibu na bahari kina vyote viwili. Kalsiamu itakamatwa, chumvi ya bahari itapita kama ilivyo, itakaukia kwenye glasi, na itakula chuma cha visu na hata cha mashine yenyewe. Hakuna kitufe cha kuzuia hilo. Mjerumani gani anakula maji yoyote?

Na ushahidi ninao. Pampu ya kisima ilipoharibika tukamwaga mabaki ya tangi, tukaleta boza la maji yasiyo na chumvi. Mashine ileile, vidonge vya sabuni vilevile. Glasi zile ambazo hazijalika zikatoka safi unajiona sura. Kwa hiyo mashine si mbovu, hilo nakubali kabisa. Sahani za pilau zenye mafuta yaliyoganda inatoa vizuri kuliko mkono, maji inayotumia ni kama lita kumi kwa mzunguko mzima, umeme kama uniti moja. Ubovu ni kuniuzia mimi, kwenye anwani ile, baada ya mimi kusema kwa mdomo wangu.

Halafu sufuria. Jamani, sufuria zetu hizi za alumini msiziweke humo. Zimetoka nyeusi tii, sabuni ya mashine ni kali inakula ile ngozi ya juu. Dada wa kazi alicheka mpaka akakaa chini, kisha yeye ndiye akashinda anazisugua kwa stili waya. Mwiko nao umepasuka. Kwa hiyo kwenye jiko la Mswahili ukitoa sufuria, mwiko, tawa la chuma na sinia lisiloenea, kinachobaki kuoshwa na mashine ni sahani, vijiko na hizo glasi ambazo zinaharibika. Hilo nalo muuzaji halimhusu?

Nimerudi dukani na risiti ya EFD mkononi. Meneja ananiambia nilete ripoti ya maabara ya maji yangu. Yaani kuuza hamkutaka ripoti, kutengeneza ndiyo mnataka! Nikamwambia kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214: mnunuzi akishamweleza muuzaji kitu anakitaka kwa matumizi gani na akategemea utaalamu wake, kitu kinatakiwa kifae kwa matumizi hayo. Akacheka. Tume ya Ushindani wapo, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Barua naandika wiki hii. Wenzetu Ulaya tangu Machi 2021 mtengenezaji analazimishwa na sheria kuwa na vipuri vya mashine hizi kwa miaka kadhaa baada ya kuacha kuziuza, sisi hata kuulizwa maji yanatoka wapi ni hisani.

Sasa naomba msaada wa wakuu wenye uzoefu. Kuna mwenye kisima cha chumvi aliyefunga mtambo wa kuchuja chumvi kwa ajili ya jiko tu, si nyumba nzima? Bei ikoje, na maji ya chumvi yanayobaki ya kumwaga ni kiasi gani? Ile chumvi ya mawe mnanunua wapi, maana dukani kwao wanaiuza kama dhahabu? Na aliyewahi kufikisha muuzaji Tume akarudishiwa hela aje atoe utaratibu hapa, ilichukua muda gani.

Wale wa "si ungeosha kwa mkono tu" najua mnakuja. Karibuni, sinki lipo, sabuni ipo.

Na wewe kijana wa mauzo, najua humu unapita. Ile simu uliyokuwa unaipokea mlio wa kwanza kabla sijalipia, ipokee.