Napiga picha za harusi Mombasa lakini kujinadi kwanishinda. Nishaurini

MpigaPicha_Kibokoni

Asalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Jambo hili nimekaa nalo tangu Ramadhani. Sasa Mfunguo mosi umeingia, harusi zimefunguka kila wikendi, na daftari langu lina tarehe tatu tu.

Mimi ni mwanamke, nna miaka sita kwenye kazi hii. Kazi zangu karibu zote ni za upande wa kina mama: hina, kesha, na kupamba, ile sherehe ya wanawake watupu ya kumtazama bi harusi aliyepambwa. Nikaha ya msikitini namwachia kaka mmoja tunayeshirikiana naye, yeye yuko na wanaume, mimi niko ndani. Kupiga najua, na silisemi hilo kwa majivuno. Kuna nyumba moja nimempiga dada mkubwa, kisha mdogo wake, na mwaka jana binamu yao.

Shida ni kujitangaza. Mimi mtu wa kimya. Kwenye harusi naweza kumaliza masaa saba sijasema zaidi ya "inua kidevu kidogo". Mwezi wa Rajabu nililipia darasa la biashara mtandaoni, mwalimu akatwambia video kila siku, uso mbele, ucheke, uonyeshe maisha yako. Nikanunua stendi ya simu na ile taa yake ya duara. Nikaenda bustani ya ufuoni ya Mama Ngina jioni, jua limeshalainika, nikairudia sentensi moja mara kumi na tisa. Muuza krispi za mihogo aliyekuwa pembeni alikuwa ameishika kwa moyo kabla yangu, mara ya mwisho akanimalizia yeye. Nilikunja stendi nikarudi nyumbani. Ile video nikiitazama namuona mtu anayeomba radhi.

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Kazi zangu nzuri kabisa siwezi kuziweka hadharani. Nyote mwajua kupamba kulivyo: mlangoni simu zakusanywa, ndani mabuibui yako chini, bi harusi kichwa wazi na dhahabu hadi viwikoni. Nikizitia Instagram nimejichimbia kaburi. Kwa hiyo ukurasa wangu una machweo, viatu na keki. Mgeni akiutazama atadhani nauza keki.

Nataka njia inayofanana na mimi. Kama haipo, niambieni.

Baharia_Likoni

Dada, biashara haitaki haya. Fungua TikTok, cheza kidogo, watu watakuja wenyewe.

MpigaPicha_Kibokoni

Asante kaka. Nikicheza mimi watakuja kunipa pole.

Mapicha_ya_Ufuoni

Mimi ndiye yule mwenye kelele. Napiga harusi za ufuoni Diani, wateja wangu wengi watoka Nairobi na ng'ambo, na TikTok niko kila siku naruka ruka. Lakini kwangu si mbinu, ndivyo nilivyozaliwa. Hata matangani huambiwa nipunguze sauti. Mteja akinikuta mchangani anamkuta yule yule aliyemuona kwenye simu.

Wewe ukijitia kuruka utaleta watu wanaotaka mrukaji. Nilikuwa na msaidizi mpole, kijana mzuri, nikamsukuma afanye kama mimi. Akapata wateja wawili, wote wakalalamika kwamba "hakuchangamka". Picha zake zilikuwa bora kuliko zangu siku hizo, naapa, na hakuna aliyezitazama sawasawa kwa sababu walikuwa wamelipia kitu kingine.

Nna swali moja tu. Wateja wako kumi wa mwisho, kila mmoja aliletwa na nani? Usikisie. Fungua daftari.

MpigaPicha_Kibokoni

Nimefungua. Wanne ni jamaa za wateja wa zamani. Watatu waliletwa na mpambaji mmoja. Mmoja na mchoraji hina, mmoja na jirani wa mamangu. Wa Instagram ni mmoja, na salio lake hadi leo nangojea.

MamaMapambo

Mwanangu, umejijibu mwenyewe, lakini acha nikuongezee.

Mimi napamba maharusi tangu wewe pengine uko darasa la tatu. Yanayosemwa kwenye kiti changu wewe huyasikii. Mama wa bi harusi akija kuniuliza mpiga picha, maswali yake huwa matatu. Ni mwanamke kweli, na msaidizi wake je? Picha zitakaa wapi? Na adabu anayo? Wafuasi sijaulizwa hata siku moja.

Kuna mmoja, simtaji, hodari sana wa kamera. Alijisahau akaweka kwenye stetasi bi harusi akivishwa kidani. Aliifuta muda si muda, lakini ilikuwa imeshafika Lamu na Muscat. Tangu hapo jina lake likitajwa, kina mama huigeukia chai yao. Kwa hiyo huo ukimya unaouona kilema, mimi nikikunadi huanzia hapo hapo: "Huyu hata hutajua kama yumo."

Sasa la kufanya. Siku ya kupamba, fika saa nzima kabla ya watu. Jukwaa liko tupu, maua hayajalegea kwa joto, taa zimewashwa. Mpigie mwenye mapambo picha tano sita bila mtu ndani. Mimi nipigie mikono yangu tu nikifunga kikuba, asumini na mrehani vionekane vibichi. Kisha uzitume usiku huo huo. Ukingoja wiki tatu, sisi tumeshaweka zetu za simu, zimefifia hivyo hivyo. Sisi watu wa mapambo twalala na simu kifuani tukitafuta cha kuweka. Tutaweka, jina lako liko chini, na wewe hujafungua mdomo.

Kamisheni usinipe. Siku mama wa bi harusi akijua nimelipwa kukusifu, sifa zangu zote zitakuwa za kununuliwa.

Hina_na_Piko

Mama mapambo, shikamoo, lakini hapo usitusemee sote. Mimi kamisheni napokea. Watoto wangu wala wali, hawali sifa.

MamaMapambo

Marahaba. Wewe pokea, mimi sikukatazi.

Mzee_wa_Makadara

Nimecheka niliposoma habari ya picha zisizoweza kuwekwa hadharani. Nyinyi mwadhani ni mambo ya Instagram. Nilipokuwa kijana studio za mjini zilikuwa zatundika picha dirishani ili mpita njia azione, ndilo tangazo lenyewe. Mamangu alikwenda kupigwa moja, kajifunga leso mpya. Wiki ya pili shangazi akaja mbio: uko dirishani! Mama akavaa buibui, akaenda, akasimama pale hadi mwenye studio akaibandua mbele ya macho yake. Hakurudi tena kwenye studio ile, wala sisi watoto hatukupelekwa.

Studio jirani yake haikutundika wanawake. Ilikuwa na albamu nene chini ya meza. Ukiingia na mkeo, yeye hufunuliwa albamu hiyo na bibi wa nyumbani mle, nyuma ya pazia. Hiyo ndiyo tuliyokwenda sote.

Karatasi_na_Muhuri

Niongeze upande wa sheria kwa ufupi. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Picha ya mtu anayetambulika ni data yake, na ukitaka kuitumia kibiashara wahitaji idhini yake ya wazi. Si maneno tu: mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza klabu moja ya starehe Nairobi faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake.

Ningekuwa wewe, ningelifanya hili kuwa sehemu ya huduma. Kwenye mkataba tia sehemu tatu za kuchagua: picha zisionyeshwe popote, zionyeshwe mikono, nguo na vyombo bila uso, au zitiwe kwenye albamu ya mfano inayoonyeshwa wanawake tu, ana kwa ana, wala hazitumwi kwenye simu. Aweke sahihi bi harusi mwenyewe, si mama yake, si mume. Na andika picha utazihifadhi kwa muda gani kabla ya kuzifuta. Wapiga picha wengi hawaandiki haya. Wewe kila mtu ataona umeyafikiria.

Bi_Arusi_wa_Desemba

Niseme kama mteja, na samahani nikiwa mkali.

Niliolewa Desemba. Nilitafuta mpiga picha mwanamke wiki tatu, nikapewa nambari tano. Wawili hawakujibu kabisa. Mmoja akajibu "bei yategemea", yategemea nini hakusema. Wa nne alitaka nimpigie, na mimi niko ofisini, bosi yuko hapa. Wa tano alinitumia ukurasa mmoja: saa ngapi atakaa, picha ngapi, albamu ukubwa gani, arbuni nusu kwa M-Pesa, siku ya kupokea kazi, na kwamba msaidizi wake ni dadake wa tumbo moja. Nililipa usiku huo huo hatujasemezana. Kama ni mcheshi au si mcheshi, hadi leo sijui.

MpigaPicha, kutopenda maneno nakuelewa, mimi mwenyewe simu ikilia huitazama hadi inyamaze. Lakini ujumbe ukikaa siku nne, mimi huku sijui kama wewe ni mpole. Najua tu harusi yakaribia na ukumbi umeshalipiwa.

MpigaPicha_Kibokoni

Nna jumbe tatu sijazijibu tangu Jumanne. Naenda kuzijibu sasa hivi.

Kamera_Mikindani

Mimi pia si msemaji. Napiga harusi za kanisani, huku kwetu kuna kamati ya harusi, na mpiga picha huitwa ajieleze mbele ya watu ishirini wenye soda. Nilikuwa nikitetemeka hata vifuniko vya lenzi nikiangusha. Siku hizi natuma mapema albamu moja ya harusi nzima, kuanzia bi harusi anavyovaa hadi masufuria yanavyooshwa, ipitishwe mkono kwa mkono. Nikifika wameshaiona, nabaki kujibu maswali.

Jingine: weka jina la biashara kwenye ramani ya Google, ni bure. Waombe wateja wako waandike maneno mawili pale, hata bila picha. Wale wa ng'ambo wanaokuja kuolea nyumbani hutafuta huko kwanza, na mpambaji wa kumuuliza hawana.

Na kama video lazima, piga mikono ikifunua kurasa. Sauti ya karatasi yatosha.

Mapicha_ya_Ufuoni

Hiyo ya sauti ya karatasi naiiba.

MpigaPicha_Kibokoni (baada ya mwezi mmoja)

Nimerudi kutoa habari.

Ukurasa wa bei niliuandika usiku ule ule, mistari kumi na miwili. Wale watatu wa Jumanne, mmoja alikuwa ameshapata mtu, mmoja akasema ghali, mmoja akatuma arbuni. Ramani ya Google nimejiweka, bado kumetulia. Wapambaji wawili nimewafanyia ile ya kufika mapema. Mmoja ameweka picha na jina langu, wa pili ameweka picha na jina lake mwenyewe. Nimemtumia ujumbe wa heshima. Hajajibu, nami sitamrudia.

Kilichonishangaza ni albamu. Wateja wangu wawili walikubali, wakatia sahihi, nikachapisha moja ya kurasa thelathini. Naibeba imefungwa ndani ya leso kwa sababu ya unyevu, kurasa zisigandane, na haitoki mkononi mwangu. Wiki iliyopita nilipelekwa kwa mama mmoja Kisauni anayeoza Mfunguo tatu. Nilikuwa nimekariri maneno ya kusema, nikayasahau mlangoni. Akaweka albamu mapajani, akafunua polepole, hakusema, nami sikusema. Akafika kwenye picha ya bibi mmoja mkongwe anayemfunga mjukuu wake kidani, machozi yamemjaa, midomo imeng'ata ncha ya mtandio ili mikono ipate nafasi. Akakaa hapo muda mrefu.

Akaniuliza, "Na wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Nikamwambia nyuma ya pazia la jukwaa, ubavuni mwa feni.

"Hawakukuona?"

"Hawakuniona."

Akamwita bintiye kutoka jikoni aje na kalenda.

Basi ndivyo ilivyo. Ukurasa wa Instagram nimeuacha na keki zake. Stendi ya simu naiuza, imetumika jioni moja tu.

Baharia_Likoni

Bei?

MpigaPicha_Kibokoni

Elfu moja na mia tano, pamoja na taa yake. Niko Kibokoni hadi saa kumi na mbili.