Mwongozo wa michoro kuhusu usanifu na uchapishaji: ofseti au dijitali? Na niupange kwa programu gani?

MkonoWaPenseli
Wadau, habari za jioni. Kuna chuo cha ufundi hapa Nairobi kimenipa kazi ya kutengeneza kitabu cha mwongozo chenye michoro, cha kuwafunza wanafunzi wa mwaka wa kwanza usanifu na uchapishaji, kuanzia kupanga ukurasa hadi kitabu kinapotoka kwenye gilotini, ile mashine ya kukatia karatasi. Michoro nachora mwenyewe. Nimepita River Road nikapewa bei ya ofseti, nikaenda Industrial Area nikapewa ya dijitali, na bei hizo ni mbingu na ardhi. Nichukue ipi? Na kwa kompyuta niende na InDesign, Affinity ama Scribus? Ijumaa natakiwa niwe na jibu.

Wino_Mweusi
Nakala ngapi? Kurasa ngapi? Saizi gani? Rangi kila mahali au nyeusi tu? Mzee, umeuliza bei ya nguo bila kusema ni shati au suti.

DadaFonti
Na nani analipa, chuo ama wanafunzi watanunua?

MkonoWaPenseli
Analipa chuo. Saizi A5, kurasa 96, rangi nilitaka kila ukurasa. Idadi ndiyo bado. Mmoja wao alisema 200, mwingine akasema 1,000.

Wino_Mweusi
Basi swali lako liko hapo kwenye idadi, si River Road wala Industrial Area. Ofseti gharama yake iko mbele: pleti (bati jembamba lenye sura ya kurasa, moja kwa kila rangi), kuandaa mashine, na karatasi zinazoharibika kabla rangi haijatulia. Ikishatulia, kila nakala inayoongezeka ni karatasi na wino tu. Dijitali haina pleti, lakini nakala ya mwisho inakugharimu sawa na ya kwanza. Kwa 200 mimi ningeenda dijitali bila kufikiria. Kwa 1,000, ofseti.

Halafu hiyo rangi kila ukurasa ya nini? Piga hesabu. Fundi wako akiwa na GTO 52, mashine hiyo ndogo ya ofseti inapokea shiti isiyozidi sentimita 36 kwa 52, yaani kurasa 8 za A5 ukihesabu pande zote mbili. Kurasa 96 ni shiti 12. Kila upande unahitaji pleti 4 za rangi: samawati, majenta, njano na nyeusi. Hizo ni pleti 96. Sasa kusanya rangi zote kwenye kurasa 16 zinazofuatana: shiti 2, pleti 16. Shiti 10 zilizobaki ni nyeusi tupu, pleti 20. Jumla 36. Na umuulize kama mashine yake ni ya rangi moja, maana hapo kila upande wa shiti ya rangi unapita mara nne, na kila ukipita kuna nafasi ya rangi kukosana, moja iteleze pembeni ya nyingine.

Bin_Kisauni
Ndugu yangu Wino, kitabu cha kufunza uchapishaji kikose rangi? Huyo mwanafunzi ataijuaje rangi iliyoteleza kama hajaiona?

Wino_Mweusi
Ataiona kwenye hizo kurasa 16. Chapa picha moja vizuri, na pembeni yake picha hiyo hiyo imeteleza kwa makusudi. Michoro ya mikono, visu na mashine inasomeka vizuri zaidi kwa mistari myeusi.

MamaGundi
Mimi niseme la kujalidi, maana naona mmelisahau. Tulichapisha mwongozo wa mboga wa kikundi chetu, nakala 500, karatasi ya kung'aa ya gramu 150, gundi mgongoni. Sampuli niliyoonyeshwa ilikuwa safi. Siku ya kuchukua nikatazama jalada, nikalipa salio, tukapakia. Kumbe mchapishaji aliishiwa na shiti za kipimo tulichokubaliana, akachukua zilizokuwepo akazikata kwa kuzigeuza zimtoshe. Nyuzi za karatasi, badala ya kusimama sambamba na mgongo, zikawa zinalala kutoka mgongoni kuelekea ukingoni. Kitabu hakikubali kukaa wazi. Ukikilazimisha, mgongo unalia kra! na ukurasa unabaki mkononi. Siku ya uzinduzi mgeni wa heshima akafungua katikati, sukuma wiki ikaanguka chini ya meza mbele ya watu, na nyuma yake magonjwa ya nyanya. Nilipompigia mchapishaji akaniambia tunavifungua vibaya! Hatukurudishiwa hata shilingi.

Kwa hivyo kabla ya kukubali karatasi yoyote, omba kipande ukichane kwa urefu, halafu kwa upana. Unakofuata nyuzi kinachanika karibu moja kwa moja. Unakozikata kinakwenda upogo na kingo zinabaki na manyoya. Huo mchoro wa vidole vikichana uweke kwenye kitabu, una faida kuliko sura nzima ya maneno. Na kama kitakaa juu ya meza ya kazi, usitie gundi, shona kwa uzi ama tia waya.

KijanaWaGithurai
Stepla je? Ni rahisi.

MamaGundi
Kurasa 96 ni karatasi 24 zilizokunjwa. Zile za katikati zinachomoza nje, gilotini ikizisawazisha inakula ukingo. Ukitaka stepla, tumia karatasi nyembamba na uache nafasi ya kutosha pembeni.

KijanaWaGithurai
Poa. Kuhusu programu, mbona hakuna aliyetaja Corel, ile ya kuchorea? Mimi kazi zangu zote ni Corel.

DadaFonti
Corel ni nzuri kwa kadi za harusi na mabango. Kitabu cha kurasa 96, chenye namba za kurasa na yaliyomo yanayobadilika kila siku, hapana. InDesign unailipia kila mwezi. Affinity imekuwa ya bure tangu mwishoni mwa 2025. Scribus ni ya bure siku zote na inafanya kazi hata kwenye Linux, ila itakupima subira.

Yoyote utakayochukua, maandishi yawe kwenye pleti nyeusi peke yake. Ukiyaacha kwenye rangi nne, shiti ikiteleza kidogo tu herufi za pointi 9 zinaota kivuli. Picha ziwe nukta 300 kwa inchi, michoro ya mistari uliyoskani iwe 1,200. Na rangi inayofika ukingoni ipitishe milimita 3 nje ya kipimo.

KijanaWaGithurai
Lakini fundi wangu anapokea Corel tu.

DadaFonti
Mpe PDF.

KijanaWaGithurai
Hata PDF anaifungua kwa Corel. Fonti zinaruka.

Wino_Mweusi
Mhame huyo.

KijanaWaGithurai
Nimhame na bado nina deni lake?

Bin_Kisauni
Si apeleke India tu? Kampuni nyingi za vitabu za hapa huchapia huko.

Wino_Mweusi
Kwa maelfu, sawa. Kwa nakala hizi na jibu linatakiwa Ijumaa? Meli haijui Ijumaa, Bin Kisauni.

MkonoWaPenseli
Asanteni. Chuo kimejibu: nakala 300, na huenda wakaongeza muhula ujao.

Wino_Mweusi
Hao nao! 300 iko katikati kabisa. Waulize pande zote mbili bei ya kitu kile kile: A5, kurasa 96, 16 kati yake za rangi, waya, karatasi ya gramu ngapi. Na wa ofseti umuulize atakutunzia pleti mpaka huo muhula ujao.

MamaGundi
Na sampuli iwe kwa karatasi yenyewe, si inayofanana nayo.

KijanaWaGithurai
Tukiwa hapo kwa gilotini, kuna jamaa Kariobangi anauza moja. Kuna mwenye anaijua bei ya haki?

MamaGundi
Ya mkono ama ya umeme?

KijanaWaGithurai
Ya umeme. Kesho nitaweka picha.