Tupeane uzoefu: nani amewahi kufufua gari la spoti la zamani na rafiki yake?

Mwanzisha mada, Arusha

Wakuu, heshima kwenu. Mimi na jamaa yangu tunaingia mwaka wa tatu na Datsun 240Z ya 1972. Tuliitoa kwenye ghala la kahawa Moshi, imelaliwa na magunia, bei tukachangia nusu kwa nusu. Ni aina ileile iliyobeba Safari Rally 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na 1973 kwa Shekhar Mehta. Ndiyo maana mzee yeyote akipita gereji lazima asimame aanze kuhadithia.

Injini haikutusumbua: silinda sita za mstari, lita 2.4, tulibadilisha ringi na gasketi ikawaka. Kasheshe ni bodi. Asidi ya betri ilivuja miaka na miaka, ikala trei, ikashuka mpaka sakafuni. Siku moja jamaa hayupo, nikaziba tundu la ukubwa wa kiganja kwa puti, nikapiga msasa, likapendeza hasa. Kesho yake nakuta kaibandua yote kwa bisibisi. Siku tisa hatukusemezana. Bati jipya alilichomelea peke yake, na mimi nikawa nazunguka barabara ya nyuma nisimwone.

Ninyi mliwezaje? Na gari likiisha, linalala kwa nani?

Mtoto wa Tanga

Puti juu ya kutu, mkuu? Jamaa yako alikustahi sana.

Yetu ilikuwa Triumph Spitfire. Raha ya gari lile, boneti na madigadi yote yanafunguka kwa pamoja kuelekea mbele, unakaa juu ya tairi kama umekalia kigoda huku unafanya kazi. Tabu ni kabureta mbili: zisipovuta hewa sawasawa, injini inatetemeka kama ina homa. Mafundi watatu walishindwa. Mwenzangu si fundi, ni mpiga fidla wa taarab. Akachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akawa anasikiliza mvumo. Hii, kisha ile, kisha hii. Anageuza skrubu kidogo tu, kama anakaza uzi wa fidla. Robo saa injini ikatulia. Tangu hapo kila ninapomsikia jukwaani nakumbuka harufu ya petroli.

Mzanzibari wa Birmingham

Asalaam aleikum. Mie na jirani yangu, mzee wa Kiingereza mstaafu, tulishika MGB ya 1966. Nakupeni mawili muyajue.

La kwanza: gari hilo halina chesisi, linashikwa na vizingiti vya chini ya milango. Tukavikata vyote viwili kwa siku moja bila kufunga vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango. Bodi ikalegea katikati, mlango haukufunga tena. Miezi minne ya kazi iliongezeka hapo.

La pili: MGB za mwanzo, mpaka 1967, waya wa chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi, kinyume na tulivyozoea. Mie nikaunga redio mpya kwa mazoea yangu. Moshi! Mzee alikaa chini akacheka mpaka machozi, kisha akaenda kupika chai. Na spana leteni za inchi. Ukilazimisha 13 kwenye nati ya nusu inchi utaikata pembe zote.

Wa Nakuru

Sisi ni Peugeot 504, mimi na classmate wangu.

Mtoto wa Tanga

Kaka, uzi ni wa magari ya spoti.

Wa Nakuru

504 ilishinda Safari 1975 na tena 1978. Nani kasema si spoti? Wacha basi niongee. Tulivunjana juu ya logbook. Jina lilikuwa langu, pesa nyingi zilikuwa zake. Aliponiuliza tuuze nikakataa, akang'oa viti vyake vya ngozi akaenda navyo. Nimeendesha miezi miwili nimekalia kreti ya soda.

Dada wa Mbezi

Pole, nimecheka vibaya. Mimi na shoga yangu tuna Karmann Ghia ya Volkswagen. Chini ni Beetle tupu, kwa hiyo spea za injini hazitutoi jasho. Ila pua ya gari imeunganishwa moja kwa moja na bodi, madigadi hayafunguliwi kwa bolti. Likigongwa mbele ni nyundo na subira. Letu lilikuwa limegongwa mara mbili. Shoga ndiye mwenye subira, mimi nanunua chipsi.

Mwanzisha mada, Arusha

Jamaa yangu kasoma uzi wote. Anasema siku zilikuwa sita, si tisa, na kwamba siku ya tano alinisikia nikikohoa nje ya geti. Kuhusu kulala: kwake kuna paa, kwangu kuna mwembe. Liko kwake.