Maktaba ya mtaa isife: tupeane uzoefu wa kutunza na kuazimisha vitabu

Wakuu, salaam. Maktaba za vijiji na mitaa hufunguliwa kwa vigelegele, halafu chumba kinafungwa kimyakimya: mchwa wamekula, vitabu vilivyoazimwa havikurudi, funguo anazo mtu aliyehama. Wenye ujuzi wa kazi hii karibuni. Tuzungumze mbao, gundi na daftari.

Fundi Mbao
Ubao wa inchi moja usizidi sentimita 90 kati ya nguzo na nguzo. Ukizidisha unapinda katikati, kwa sababu mita moja ya vitabu inafika kilo 20 na zaidi. Ubao wa chini uinuke sentimita 15 kutoka sakafuni. Shelfu lisiguse ukuta. Acha upana wa vidole vinne hewa ipite na mchwa wakose daraja. Miguu isimame kwenye makopo yenye oili chafu. Kopo likijaa vumbi halizuii kitu, mchwa wanajenga njia juu yake, kwa hiyo likaguliwe kila wiki.

Mkutubi wa Pwani
Huku adui ni ukungu. Usiufute kwa kitambaa kibichi, utausambaza. Kisimamishe kitabu nje, kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimeachana. Kikikauka kabisa ndipo upige brashi laini, barakoa usoni. Jua kali linakunja jalada.

Wadudu: funga kitabu kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, kiweke friza wiki nzima. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka kesho yake, la sivyo unyevu unatulia kwenye karatasi yenyewe.

Na jamani, selotepu hapana! Miaka michache tu gundi yake inakuwa ya kahawia na kuzama kwenye karatasi. Ukurasa ukichomoka, chukua kijiti cha kibiriti, paka gundi nyeupe ya mbao mstari wa milimita 2 au 3 kwenye ukingo wa ndani, usukume ukurasa mpaka ufike kwenye mshono, weka nailoni pande zote mbili, funga kitabu, tofali juu mpaka asubuhi. Gundi ikizidi, kurasa tatu zinashikana na kitabu kinachanika ulipodhani umekiponya.

Mwalimu wa Zamu
Kila kitabu kipewe namba ya usajili siku kinapoingia, kabla hakijapanda shelfu. Muhuri upigwe ukurasa wa jina la kitabu na ukurasa mmoja wa siri, tuseme wa 17, kwenye vitabu vyote. Daftari la kuazima liwe na safu tano: tarehe, namba ya kitabu, jina, mahali anapokaa, tarehe ya kurudisha. Wengi wanaandika jina la kitabu bila namba. Nakala zikiwa sita hujui ipi imepotea. Siku 14 zinatosha.

Msomaji Mpya
Mwalimu, anayechelewesha atozwe faini?

Mwalimu wa Zamu
Mtoto asitozwe, ndugu yangu. Faini ikipanda anaogopa kurudi, na umepoteza kitabu pamoja na msomaji. Mnyime kuazima kingine mpaka arudishe cha kwanza. Hiyo inauma kuliko shilingi.

Mkutubi wa Pwani
Kuhusu kupanga: vitabu vikiwa chini ya 500, tumia utepe wa rangi mgongoni mwa kitabu, kila mada na rangi yake. Vikizidi, ingia kwenye namba za Dewey, mfumo wa maktaba unaoipa kila mada namba yake: afya 610, kilimo 630, historia ya Tanzania 967.8, fasihi ya Kiswahili 896.392. Hadithi za watoto ziwekwe chini, jalada likitazama mbele, maana mtoto huchagua kwa picha.

Wasomaji wakiwa mbali, vitabu viwafuate. Kenya walianza mwaka 1996 kuvipeleka kwa wafugaji wa Garissa kwa ngamia. Mtaani sanduku la bati la vitabu 40 linatosha. Liwe na orodha iliyobandikwa ndani ya kifuniko, nakala nyingine ibaki maktaba, na vihesabiwe sanduku linapotoka na linaporudi, watu wawili wakiwepo.